Anthropolojia ya jamii: Shahada ya kukaa na watu

Jeneza likiwa bado ndani, mtani huingia uani kwa kelele. Amevaa koti la marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anawadai wafiwa pesa ambazo hakuna aliyewahi kuzikopa. Makaburini, mwenzake anaruka ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, anajilaza na kugoma kutoka mpaka mkono wa mtu uende mfukoni. Waliokuwa wakilia wanaanza kucheka, na hakuna wa kumkemea, maana huyu ni Mhehe kwenye msiba wa Wangoni, au Mpare kwenye msiba wa Wachaga, na mtani ana haki zake. Kelele zikiisha, mara nyingi ni yeye huyohuyo anayeshika koleo na kuwabembeleza wafiwa watie chochote kinywani.

Watanzania wengi wameyaona haya au wamesimuliwa. Walioulizwa kwa nini yako hivyo ni wachache.

Swali hilo limo katika mitaala ya anthropolojia ya jamii tangu zamani. Mwaka 1940, A. R. Radcliffe-Brown, aliyekuwa profesa wa somo hilo Oxford, aliandika makala fupi kuhusu jamii ambamo watu fulani wana ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana. Miaka minne baadaye R. E. Moreau akachapisha makala yake kuhusu utani wa Tanganyika. Moreau hakuwa mwanaanthropolojia kwa kazi. Alikuwa mtaalamu wa ndege, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara. Katika miaka ya 1970 zamu ikawafikia wenyewe: wanafunzi wa sosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya mwalimu wao Stephen Lucas, walikusanya habari za utani kutoka makabila mbalimbali ya nchi, na kazi zao zikaunganishwa katika majuzuu ambayo watafiti wa leo bado wanayarejea.

Kwa kazi ile, vijana wa shahada ya kwanza walikwenda kuwauliza watu mambo ambayo hakuna kitabu kilichokuwa nayo. Shahada ya anthropolojia inayofundishwa ipasavyo huishia hapo. Huanza, hata hivyo, kwa kusoma sana.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipewa insha kuhusu utani, hukuta maelezo yasiyokaa pamoja kirahisi. Radcliffe-Brown anatazama kazi ambayo utani unaifanya sasa: watu wawili au koo mbili zimeunganishwa na jambo fulani, tuseme ndoa, lakini bado zina maslahi yanayopishana, na mzaha usiokasirisha huwawezesha kukaa karibu bila kupigana. Wazee wa Songea au Tabora hawaelezi hivyo. Wao hutaja historia: tulipigana nao, kisha tukapatana, au babu zetu walibeba mizigo pamoja katika misafara ya kwenda pwani, wakazikana njiani. Nani yuko sahihi? Mwalimu mzuri hatoi jibu. Humtaka mwanafunzi aonyeshe kila maelezo yanafumbua nini na yanaacha nini gizani, kisha humrudisha mtaani kwake atazame. Magazeti ya michezo yanawaita Simba na Yanga watani wa jadi. Je, mzaha wa mashabiki hawa una haki na wajibu kama ule wa msibani, au jina tu ndilo limehama? Kijana wa Temeke anaweza kulishughulikia swali hilo vizuri kuliko profesa yeyote wa Oxford, mradi afundishwe namna ya kuliuliza.

Katika vyuo vya Uingereza, kama London School of Economics, anthropolojia ya jamii husomwa kama shahada inayojitegemea kwa miaka mitatu. Scotland huwa minne. Kenya nako somo hili lina shahada yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Taasisi ya Taaluma za Afrika mwaka 1970, na idara iliyotokana nayo ndiyo inayofundisha anthropolojia leo. Dar es Salaam imekaa nyumba moja na ndugu yake: Idara ya Sosholojia na Anthropolojia, ambamo sosholojia ndiyo yenye sauti kubwa. Kwa nini hali iwe tofauti hivyo ni habari ndefu, na ina uchungu wake.

Moyo wa somo ni kazi ya uwandani. Kati ya mwaka 1915 na 1918 Bronislaw Malinowski, mzaliwa wa Kraków, alikaa kwa vipindi virefu katika visiwa vya Trobriand karibu na New Guinea, akajifunza lugha ya wenyeji na kupiga hema lake kijijini badala ya kuwaita watu kwenye baraza la afisa wa serikali. Kitabu chake cha mwaka 1922 kiliweka kipimo: atakayedai kuijua jamii ya watu sharti ameishi nao, amesikia maneno yao kwa lugha yao, na ameona wanachotenda, si wanachosema wanatenda tu. Hakuna chuo kinachomdai mwanafunzi wa shahada ya kwanza akae mwaka mzima kisiwani, lakini kipimo ni hichohicho. Wiki sita za mafunzo kwa vitendo kwenye stendi ya mabasi, saluni, wodi ya wazazi au soko la samaki humfundisha mtu mengi, iwapo atakaa, atanyamaza na ataandika kila jioni kabla ya kulala.

Chukua zoezi moja dogo ambalo hutolewa mapema, la kuchora ukoo. Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, alama ya sawasawa ni ndoa, mstari wa kushuka ni uzazi. Darasani huonekana kama mchezo. Nyumbani kwa watu, karatasi hujaa haraka. Mtoto anayelala kwa bibi yake, anakula kwa mama yake mdogo na kulipiwa ada na mjomba aliye Muscat aandikwe kaya gani? Pat Caplan, aliyeanza utafiti katika Kisiwa cha Mafia mwaka 1965 na kurudi huko mara nyingi kwa miongo kadhaa, alikuta kijiji ambacho mtu huhesabiwa katika koo kadhaa kwa wakati mmoja, za upande wa baba na za upande wa mama, na huchagua pa kulima na pa kujenga kwa kutazama faida ya kila upande. Dodoso la sensa halina kisanduku cha jambo hilo. Msimamizi wa mradi wa kilimo au wa hati za ardhi asiyelijua atagawa karatasi na kuzusha ugomvi wa miaka.

Zipo pia kozi za dini, siasa, uchumi, jinsia, afya. Katika kozi ya dini hakuna anayekwepa ghala la Wazande. E. E. Evans-Pritchard alifanya utafiti kwa Wazande wa kusini mwa Sudan ya wakati ule, na kitabu chake cha mwaka 1937 kinaeleza jinsi ghala la nafaka linavyoweza kuwaangukia watu waliokaa chini yake wakikimbia jua. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Swali lao ni jingine: kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale? Hapo ndipo uchawi huingia, kujibu lile ambalo mchwa hawalijibu. Mwanafunzi aliyekuja na imani kwamba watu wa vijijini hawafikirii sawasawa huondoka darasani na kazi ngumu zaidi, ya kuwasikiliza mpaka aelewe walichokuwa wakiuliza.

Lakini Evans-Pritchard aliandika hayo chini ya bendera ya Uingereza, na hapa ndipo uchungu ulipo. Somo hili lilikulia ndani ya ukoloni. Watawala walitaka kujua nani mrithi wa chifu na ardhi ni ya nani, na baadhi ya wataalamu walilipwa kuwajibu. Afrika Mashariki ilitoa vitabu vingi, ila majina ya Waafrika yalionekana kwa nadra kwenye majalada yake. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe. Kutokana na kazi hiyo Monica alichapisha, mwaka 1951, maelezo ya ajabu ya vijiji vya rika: wavulana wa miaka kama kumi waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakaendelea kula kwa mama zao kwa makundi, kisha wakaoa na kuzeeka pamoja katika kijiji kilichokuwa chao. Kazi nzuri. Aliyewafungulia milango mingi ni Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyekuwa karani na mkalimani wao. Ilichukua miongo mingi kabla wanahistoria wa somo hawajaanza kuandika kwa uzito kuhusu watu kama yeye.

Waafrika walioingia darasani hawakukaa kimya. Jomo Kenyatta alijiunga na semina ya Malinowski mjini London katikati ya miaka ya 1930. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akilipwa kutamka maneno ya Kikuyu mbele ya Lilias Armstrong, mtaalamu wa fonetiki wa University College London. Chuo kimoja kilimtumia kama chanzo, kingine kilimpokea kama mwanafunzi. Mwaka 1938 alitoa kitabu chake kuhusu Wakikuyu, chenye dibaji ya Malinowski, na ndani yake suala la ardhi limekaa katikati, mahali ambapo serikali ya walowezi isingependa likae. Alikuwa ametumia kanuni za somo lenyewe kuonyesha kwamba nchi iliyoitwa tupu ilikuwa na wenyewe na sheria zake. Wapo wanaokilaumu kitabu hicho kwa kuupamba Ukikuyu na kutetea tohara ya wasichana, na lawama hizo zina haki ya kusikilizwa. Haziondoi ukweli kwamba aliyekuwa akiulizwa maswali alishika kalamu.

Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, alikwenda mbali zaidi. Alifika Oxford mwaka 1960 kusoma anthropolojia, na katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi anaeleza jinsi mwalimu alivyokuwa akiwataja Waafrika darasani kwa majina ya kuwashusha, na jinsi yeye alivyopinga bila kusikilizwa. Kitabu kizima kimetoka kwenye hasira ile. Kiliwahoji wataalamu kwa nini wanakwenda kwa Waacholi kutafuta Mungu wa Kikristo aliyevalishwa jina la kienyeji.

Kisha Archie Mafeje. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia ya jamii, serikali ya makaburu ikashinikiza, chuo kikafuta uteuzi, wanafunzi wakavamia jengo la utawala na kukaa humo kwa siku kadhaa. Mafeje alikuja kufundisha Dar es Salaam na kuongoza idara ya sosholojia. Makala yake ya mwaka 1971 kuhusu itikadi ya ukabila inastahili kusomwa na kila mwandishi wa habari wa Afrika Mashariki kabla ya uchaguzi wowote. Hoja yake ni kwamba ukabila, jinsi unavyotumiwa kueleza siasa zetu, ni fikra iliyoletwa na ukoloni na kuokotwa na viongozi wanaotaka kuficha tofauti za kitabaka. Aliyesema hayo alikuwa amefunzwa na Monica Wilson na kuandika naye kitabu kuhusu kitongoji cha Langa.

Ndiyo maana, baada ya uhuru, vyuo vingi vya Afrika viliiweka anthropolojia chini ya sosholojia au kuiacha kabisa. Jina lilinuka. Uamuzi ule ulieleweka wakati ule, lakini uliacha pengo. Wageni waliendelea kuja na vibali vyao, kukaa miezi kumi na minane, kuandika na kuondoka. Vijana wa hapa walifundishwa dodoso na takwimu, na wachache tu walipata nafasi ya kujifunza kukaa.

Pengo hilo lina gharama, na Gulu iliionyesha. Oktoba 2000 ebola ilithibitishwa kaskazini mwa Uganda. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, Februari 2001, waliougua walihesabiwa 425 na waliokufa 224, miongoni mwao Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor. Timu za dharura ziliona mazishi kuwa tishio kubwa, na hazikukosea: kwa desturi ya Waacholi shangazi wa marehemu ndiye aliyeosha maiti, waliohudhuria walinawa katika beseni moja, na jamaa walimgusa marehemu usoni kumuaga. Basi maiti zikafungwa katika mifuko na kuzikwa na wageni waliovaa mavazi ya kujikinga, mbali na macho ya ndugu. Uvumi ukaenea kwamba viungo vinaibwa. Wagonjwa wakafichwa.

Shirika la Afya Duniani lilimwalika mwanaanthropolojia Barry Hewlett, aliyefanya kazi pamoja na Richard Amola. Badala ya kuanza na orodha ya mila hatari, waliwauliza wazee ugonjwa huu wanauitaje na huwa wanafanya nini ukija. Wazee walisema huu sasa si ugonjwa wa kawaida, ni gemo, roho mbaya inayokuja ghafla na kupita kama upepo, ikichukua wengi. Gemo likitangazwa, sheria hubadilika. Mgonjwa hutengwa katika nyumba ya mbali na wengine. Aliyewahi kuugua akapona ndiye humhudumia. Matete mawili marefu husimamishwa, moja kila upande wa mlango, ili apitaye ajue. Hakuna ngoma, hakuna safari, chakula cha wageni hakiliwi. Wajawazito na watoto hukaa mbali. Aliyepona hubaki ndani mpaka mwezi mzima upite. Anayekufa huzikwa na waliomhudumia, pembeni mwa kijiji.

Soma orodha hiyo tena ukiwa na daktari pembeni. Karibu yote ni kanuni za karantini, na zilikuwepo kabla ya gari la kwanza la wageni kufika. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa ameuliza. Watu hawakuwa wakipinga kinga. Walikataa kuporwa maiti zao.

Miaka 14 baadaye somo lilirudiwa Guinea, kwa bei kubwa kuliko ile. Mwaka 2014, katika eneo la Wakissi, mwanamke mjamzito alifariki kwa ebola. Kwa Wakissi, kumzika na mtoto tumboni ni kosa linaloharibu mzunguko wa maisha ya jamii nzima. Kumpasua kulikuwa hatari mno. Julienne Anoko, mwanaanthropolojia kutoka Cameroon aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, hakutoa amri wala mhadhara. Alitafuta kwa wazee iwapo kuna njia ya kutengeneza kosa ambalo haliepukiki. Ilikuwepo: tambiko la malipizi, lililojulikana na wazee wachache. Vifaa vikanunuliwa, tambiko likafanyika, mama akazikwa bila upasuaji na bila ghasia. Novemba mwaka huo shirika lilitoa mwongozo mpya wa mazishi yaliyo salama na yenye heshima, unaozipa familia na viongozi wa dini nafasi.

Mzazi anayelipa ada ana swali moja, na ni la haki: mtoto atafanya kazi gani? Tangazo la kazi lenye neno “mwanaanthropolojia” ni nadra Dodoma na nadra Nairobi. Wahitimu huingia kwa milango mingine. Paul Farmer alianza kwa shahada ya anthropolojia ya tiba Duke, akaimaliza mwaka 1982, kisha akasomea udaktari. Shirika aliloshiriki kuanzisha ndilo lililojenga pamoja na serikali ya Rwanda hospitali ya Butaro, na ni Butaro alikofia Februari 2022. Ann Dunham, aliyeolewa na Mkenya Barack Obama na kumzaa mtoto mwenye jina hilohilo, alipata shahada yake ya kwanza ya anthropolojia Hawaii mwaka 1967. Miaka mingi ya kukaa na wahunzi wa Java ilimfikisha kwenye mikopo midogo ya vijijini. Wengine wako kwenye miradi ya maji, kwenye mashirika ya utafiti, makumbusho, magazeti, mahakama za ardhi, na sasa kwenye kampuni za simu zinazotaka kujua kwa nini mama ntilie anatuma pesa kwa laini ya mwanawe badala ya yake. Haitakuwa kweli kumwahidi mzazi kwamba ajira inasubiri mlangoni. Ila mtu anayeweza kuingia mahali pageni, kuaminiwa, kuelewa kinachoendelea na kukiandika kwa lugha safi hakosi wa kumhitaji.

Anayetoka kidato cha sita akiwa na historia, jiografia na lugha ana msingi wa kutosha, na wa sayansi pia anafaa: Audrey Richards, aliyeiongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere katika miaka ya 1950, alianza na sayansi asilia Cambridge kabla hajaandika juu ya ardhi, kazi na chakula cha Wabemba. La kuuliza kabla ya kujaza fomu ya chuo ni kama idara bado inawapeleka wanafunzi uwandani au inaridhika na mtihani wa kukariri majina ya nadharia, na kama msimamizi wa tasnifu huwa anasoma daftari la uwandani au anataka majedwali tu.

Vyuo navyo vina deni. Karibu vitabu vyote vilivyotajwa hapa viliandikwa kwa Kiingereza, na vingi havijawahi kufika Mafia, Rungwe wala Gulu kwa lugha ambayo waliosimulia habari wangeweza kuisoma. Mjukuu wa mzee wa Kinyakyusa anasoma kuhusu vijiji vya rika vya babu yake kwa lugha ya kigeni, iwapo maktaba ya chuo inacho kitabu. Idara za Dar es Salaam na Nairobi zina wanafunzi wanaokwenda kila mwaka kwenye vijiji na mitaa kwa barua ya utambulisho, wakahojiana na watu kwa Kiswahili, kisha wakalazimika kuandika tasnifu kwa Kiingereza na kuikabidhi kwa kabati la idara. Chuo kinaweza kuanza na jambo dogo sana: kila tasnifu iambatane na muhtasari wa kurasa kumi kwa Kiswahili, nakala moja ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji aliyegonga muhuri kwenye ile barua, nyingine kwa waliohojiwa, na msimamizi asitoe alama mpaka aone kwamba imefika.